Kabla Hujalipia Kanga, Chunguza Uzi Wake

Ninaponunua doti ya kanga, humwomba muuzaji ruhusa, nikachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kwa kiberiti nje ya duka. Uzi wa pamba huungua upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Uzi wa poliesta hunywea, huyeyuka, kisha huacha kitone cheusi kigumu, kwa kuwa ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Zikionekana dalili zote mbili, kitambaa ni mchanganyiko. Nakushauri nawe ufanye hivyo, maana kanga za poliesta nazo zimo madukani, rangi zake zinang'aa, na jicho peke yake hudanganyika.

Kitone hicho kinaeleza mengi. Kila nguo ya poliesta inapofuliwa hupukutisha vinyuzi vidogo mno, ambavyo hufuatana na maji ya povu hadi mtaroni, mtoni na hatimaye baharini, na huko hukaa miaka mingi bila kuoza. Kanga ya pamba, ikishamaliza kazi ya mbeleko na baadaye ya tambara la kudekia, huoza ardhini.

Pamba nayo ina lawama zake, tena nzito. Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilianza kukauka miaka ya 1960 baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa mashambani, hasa kwenye pamba. Pamba ya Simiyu na Shinyanga hutegemea mvua, kwa hiyo lawama hiyo haiihusu, ingawa dawa za wadudu hupuliziwa huko pia. (Sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa marobota, nasi tukauziwa poliesta!)

Kwa nguo zinazofuliwa kila mara, yaani kanga, shuka na nguo za ndani, chagua pamba. Koti la mvua la nailoni na poliesta zilizokwisha kuwamo kabatini zivae mpaka zichakae, kwani kuzitupa ili ununue za pamba ni kuongeza taka juu ya taka. Zifue kwa maji baridi, bila kuzisugua kwa nguvu. Zikichakaa, usizichome uani pamoja na majani makavu, kwa sababu moshi wake ni moshi wa plastiki. Zangu huzikata vipande nikajazia mito ya viti.