Kabla Hujaziba Ufa wa Hodhi, Gonga Tumbo Lake

Jana usiku msomaji mmoja ameniandikia: hodhi lake la kuogea, la akriliki, limepasuka. Amelipiga silikoni mara tatu, na kila likijaa maji ufa unafunguka upya. Anauliza gundi ipi ni kali zaidi. Ndugu yangu, mwaka juzi swali langu lilikuwa hilo hilo.

Hodhi letu nililiweka kwa ajili ya mama. Magoti yanamsumbua, na akikaa kwenye maji ya moto jioni, usiku analala. Nilijinyima miezi mingi kulinunua. Siku moja nasafisha, naona mstari mwembamba kama unywele karibu na tundu la kutolea maji. Kumuuliza mama, anasema wiki mbili sasa anasikia pale panabonyea chini ya kisigino, ila hakutaka kunisumbua. Mpaka leo inaniuma.

Nikaita fundi. Akapangusa, akapiga silikoni, akachukua hela yake, nusu saa haikuisha. Siku ya 11 dari la jikoni likatoa doa. Nilipompigia, alisema eti mama ni mzito. Mama yangu, mwenye kilo 58! Sijamwita tena, na sitamwita.

Ndipo nikapiga magoti mwenyewe, nikagonga hodhi kwa kifundo cha kidole. Pembeni mlio ulikuwa mzito. Katikati palilia kama ngoma. Chini kulikuwa kutupu! Akriliki ni bamba jembamba la plastiki lililopashwa moto likafinyangwa, kisha nyuma likapakwa rezini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, na faibaglasi, yaani nyuzi za kioo. Lazima likalie kitu. Lita 150 za maji ni kilo 150, hapo mtu hajaingia. Likiachwa linaning'inia litanesa kila siku mpaka lichoke, na gundi yoyote utakayoweka juu itanesa nalo na kupasuka.

Nikafungua kibao cha ubavuni. Kwanza nilitoboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kukimbia. Kwa nyuma nikakwaruza kwa msasa, nikabandika kitambaa cha faibaglasi kwa rezini, kama mafundi wa bampa wanavyofanya. Madirisha wazi na barakoa usoni, maana harufu yake si ya mchezo. Kilipokauka nikasukumia mchanga na saruji chini kwa ubao mpaka ukagusa tumbo la hodhi, nikapanga ndoo nne za maji ndani likandamizwe, nikaliacha siku mbili.

Upande wa juu ni subira tu. Bandua silikoni yote, hata ile isiyoonekana, kwa sababu hakuna kinachoshika juu yake. Usitumie asetoni. Mimi nilipangusia tone moja na pale pakafifia kama kioo chenye mvuke. Sabuni na maji vinatosha. Panua ufa kidogo kwa msasa namba 80, acha pakauke kabisa, jaza epoksi, gundi ngumu ya makopo mawili yanayochanganywa, kwa kipimo kilichoandikwa. Kesho yake piga msasa wa 240, 400, 800, mpaka 1200 ukiwa na maji. Rangi yangu haikulingana sawasawa, lakini mkono ukipita hausikii kitu.

Mama anaoga humo hadi leo, na dari la jikoni nimelipaka upya. Nasema kwa fahari: kazi ile niliifanya mimi. Na nyinyi mnaoweza kushika msasa, acheni kuogopa vitu vya nyumbani kwenu. Tumezoea kulipia kilichozibwa juu juu kwa sababu hatutaki kuinama tukaona chini kuna nini. Inameni! Wanaokaa humo ni wazazi wenu na watoto wenu.

Wewe uliyeniandikia, gundi usinunue kwanza. Gonga kuanzia kwenye ufa kwenda pembeni, kisha niambie panapolia ngoma ni pakubwa kiasi gani, na kama kibao cha ubavuni kinafunguka au kimejengewa vigae.