Maswali na Majibu: Je, Maandiko Matakatifu Yanajipinga?

Barua nyingi zilizonifikia tangu Kwaresima zinahusu jambo moja: orodha za "migongano ya Biblia" zinazosambazwa kwa simu na kusomwa kwenye mihadhara ya wazi ya dini kati ya Waislamu na Wakristo. Nimechagua chache. Naomba msomaji awe na Biblia mkononi, kwa sababu majibu haya hayatamfaa asiyefungua mahali panapotajwa.

Swali: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye mhadhara mtaani kwetu, mhadhiri alisoma kwamba mfalme Ahazia alianza kutawala akiwa na miaka 22 (2 Wafalme 8:26), kisha akasoma kwamba alikuwa na miaka 42 (2 Mambo ya Nyakati 22:2). Vijana wetu wa parokia walinyamaza. Wangejibu nini?

Milele na milele, amina. Wangejibu kwamba mhadhiri amesoma sawasawa, na kwamba hesabu ya 42 haiwezekani. Rudi nyuma kidogo katika kitabu hicho hicho cha Mambo ya Nyakati. Sura ya 21 inasema kwamba Yehoramu, baba yake Ahazia, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Yaani alifariki akiwa na umri wa miaka 40. Sura ya 22 inaanza kwa kueleza kwamba watu wa Yerusalemu walimtawaza Ahazia, mwanawe mdogo kuliko wote, kwa kuwa kaka zake walikuwa wameuawa. Tukishika 42, kitinda mimba huyu atakuwa amemzidi baba yake miaka 2. Mwandishi aliyetoka kutupa umri wa baba hakukusudia kuandika hivyo. Mnakili aliteleza, katika karne ambazo kila nakala iliandikwa kwa mkono, na baadhi ya matoleo ya kisasa yamerudisha 22.

Kukiri hivyo si kushindwa. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1893 kuhusu Maandiko Matakatifu, alikubali waziwazi kwamba wanakili walifanya makosa. Karne nyingi kabla yake, Mtakatifu Augustino alimwandikia Mtakatifu Yeronimo kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupingana na ukweli, hana shaka kuwa ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakushika maana, ama yeye mwenyewe hakuelewa.

Kinachonisikitisha ni ule ukimya wa vijana. Waliogopa kwa sababu wanaiwazia Biblia kana kwamba ilishushwa herufi kwa herufi, na Kanisa halijawafundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati yake juu ya Ufunuo ya mwaka 1965, unasema kwamba Mungu aliwachagua watu na kuwatumia pamoja na akili na vipaji vyao, wakaandika kama watunzi halisi yale aliyoyataka yeye, na kwamba vitabu vyao vinafundisha kwa uthabiti na bila kosa ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Nawaonya pia wasiende kwenye mihadhara hiyo kutafuta ushindi. Jirani Mwislamu anayeuliza kwa moyo mweupe anastahili kujibiwa kwa utulivu barazani, bila vipaza sauti na bila watu wa kushangilia.

Swali: Kutoka 33:11 inasema Musa alizungumza na Mungu uso kwa uso, na 33:20 inasema hakuna mtu atakayemwona Mungu akaishi. Ipi ni kweli?

Zote mbili, tena katika sura moja. Mstari wa 11 unaendelea kusema "kama mtu asemavyo na rafiki yake", nao unahusu ukaribu wa mazungumzo; mstari wa 20 unajibu ombi la Musa la kuuona utukufu wa Mungu. Naomba nisiletewe tena maswali ambayo jibu lake limo katika nusu ya mstari iliyokatwa.

Swali: Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu, na mstari wa 5 unaagiza ajibiwe.

Sisi tunasema "haraka haraka haina baraka", na tunasema pia "ngoja ngoja huumiza matumbo", wala hakuna mzee aliyewahi kushtakiwa kwa kujipinga. Mwenye hekima alipanga mistari hiyo miwili jirani kwa makusudi, ili msomaji apime ni wakati gani atumie upi.

Swali: Mathayo anasema Yuda alijinyonga, Matendo ya Mitume inasema alianguka akapasuka. Katekista wetu anafundisha kwamba kamba ilikatika. Je, hayo ni mafundisho ya Kanisa?

Hapana. Ni maelezo ya siku nyingi, nayo huenda ni ya kweli, lakini hakuna andiko linalotaja kamba kukatika, wala Kanisa halijamlazimisha mwamini yeyote kushika hivyo. Katekista asiifundishe dhana yake kana kwamba ni Injili, kwa sababu siku mwanafunzi atakapogundua kwamba ni dhana ataishuku na Injili yenyewe.

Tuangalie kila mwandishi anakusudia nini. Mathayo (27:3-10) anafuatilia fedha: vipande 30 vinatupwa hekaluni, makuhani wanakataa kuviweka katika hazina kwa sababu ni bei ya damu, vinanunuliwa konde la mfinyanzi, na nyuma ya habari hii yote yanasikika maneno ya nabii Zakaria. Huko kujinyonga kwenyewe kulimkumbusha msomaji wa Kiyahudi juu ya Ahithofeli, mshauri aliyemsaliti Daudi kisha akajinyonga (2 Samweli 17:23). Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, kwa upande wake anatuletea hotuba ya Petro (Matendo 1:15-22), ambamo habari ya mwisho mbaya wa Yuda inafuatwa na maneno ya Zaburi, ili ieleweke kwamba nafasi yake iko wazi na mwingine achaguliwe. Wote wawili wanajua kwamba Yuda alimsaliti Bwana, kwamba alikufa vibaya, kwamba fedha ya usaliti ilinunua shamba, na kwamba shamba hilo liliitwa Shamba la Damu. Jinsi habari hizo mbili zinavyoungana hatukuambiwa, na mwalimu mkweli husema hivyo mbele ya wanafunzi wake.

Swali: Kwa nini Kanisa lisiziunganishe Injili nne ziwe moja, tofauti ziishe?

Jambo hilo lilishafanyika. Mnamo mwaka 170, Mkristo aitwaye Tasiano alizisuka Injili nne kuwa simulizi moja, nayo ilisomwa makanisani huko Siria kwa muda mrefu, hadi katika karne ya 5 Askofu Teodoreto wa Kiro alipokusanya nakala zaidi ya 200, akaziondoa, na kurudisha Injili nne mahali pake. Anayedhani tofauti hizo ziligunduliwa juzi na mtu mwenye simu ajue kwamba Kanisa liliziona tangu mwanzo, likaamua kuzihifadhi.

Swali: Yesu alisema msimwite mtu baba duniani (Mathayo 23:9). Mbona mnaitwa mapadre, yaani baba?

Nimelijibu mara nyingi mno. Soma 1 Wakorintho 4:15, kisha mwulize anayekusumbua humwitaje mzazi wake.

Swali: Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Tumfuate nani?

Wafuateni wote wawili. Paulo katika Warumi 3:28 anajibu swali zito la wakati wake: je, mtu wa mataifa atahiriwe na kushika Torati ya Musa ndipo akubaliwe na Mungu? Anakataa kabisa. Yakobo anasema na watu ambao tayari ni waamini, wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku aende kwa amani, akaote moto na kushiba, huku hawampi kitu. Wote wanamleta Abrahamu, na wote wananukuu Mwanzo 15:6. Yakobo anaongeza siku ile Abrahamu alipomtoa Isaka. Naye Paulo mwenyewe, katika Wagalatia 5:6, anasema kilicho na maana ni imani itendayo kazi kwa upendo.

Mhubiri anayedai kwamba Wakatoliki wananunua wokovu kwa matendo hajasoma Mtaguso wa Trento, ambao mwaka 1547 ulifundisha kwamba hakuna chochote kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahili neema hiyo. Na Mkatoliki anayemrushia jirani yake Mlutheri mstari wa Yakobo ajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa lake na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili. Wapo kati yetu wanaomnukuu Yakobo kwa sauti kubwa, lakini jumuiya inapokwenda kumwona mgonjwa hawaonekani. Yakobo aliwaandikia hao kwanza.

Swali: Mwanangu yuko chuo kikuu. Anasema Mwanzo 1 inaweka wanyama kabla ya mtu, na Mwanzo 2 inaweka mtu kabla ya wanyama, kwa hiyo haendi tena Misa. Nimwambie nini?

Mama, mwambie kwanza kwamba amesoma vizuri. Mpangilio ni tofauti, na aliyeziweka sura hizo pamoja alikuwa na macho kama yetu. Katika karne ya 3 Origeni wa Aleksandria, mwalimu wa Maandiko wa Kanisa la kale, alikwisha kuuliza ni mtu gani mwenye akili angedhani kwamba kulikuwa na jioni na asubuhi kabla ya jua kuwapo, na mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wataalamu wachunguze kwa makini mitindo ya uandishi ya watu wa kale wa Mashariki. Sura ya kwanza inapanga uumbaji katika siku sita hadi pumziko la Sabato; ya pili inamleta mtu aliyefinyangwa kwa mavumbi, bustani aliyokabidhiwa, na upweke wake kabla ya kupewa mwenzi. Asikubali pia kuambiwa na Wakatoliki wenzake kwamba sura hizo ni hadithi tu, maana zinafundisha kweli tusiyoweza kuiacha: Mungu mmoja aliumba vyote vikiwa vyema, mtu ameumbwa kwa mfano wake, na uovu uliingia kwa hiari ya kiumbe.

Usimgombeze, wala usimwambie kwamba kuuliza ni dhambi. Mpeleke kwa padre mlezi wa wanafunzi hapo chuoni. Lakini kabla ya hapo, kaa naye peke yenu umwulize kama kweli ni Mwanzo 2 iliyomtoa kanisani. Vijana huacha Misa kwa upweke, kwa dhambi wanayoionea aibu, au kwa hasira juu ya kiongozi wa Kanisa aliyewaumiza, kisha wakaokota sababu ya kitabuni iliyo rahisi kuitamka mbele ya mzazi. Ikiwa ndivyo ilivyo, hata tukimfafanulia sura zote 50 za Mwanzo hatarudi, mpaka apate mtu wa kumsikiliza.