Jibu: Mfadhili anataka kutuchimbia kisima kijijini, hela ipitie kwangu?

Ndugu yangu, nimekusoma: uko Kariakoo, rafiki yako Mjerumani anataka kulipia kisima kijijini kwenu Singida, na hela itumwe kwenye akaunti yako. Isipite kwako. Makato ya benki tu yanatosha kukufanya uitwe mwizi hadi kwenye misiba. Mfadhili amlipe mchimbaji mwenyewe, kwa awamu.

Kwanza panda basi, kaonane na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Jambo liende mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, eneo litolewe kwa maandishi (kisima kwenye shamba la mtu ni kesi). Wanakijiji wachangie mchanga, mawe, nguvu kazi. Aliyebeba mawe ndiye atakayeuliza pampu ikianza kulia.

Halafu nenda RUWASA wilayani (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), ndio wenye dhamana ya maji vijijini tangu sheria ya 2019. Watakueleza kuhusu chombo cha watumia maji kitakachokusanya hela ya matengenezo, na kibali cha bodi ya maji ya bonde, inayosimamia vyanzo vya maji vya eneo lenu. Usichimbe kabla mtaalamu hajapima kama kuna maji chini ya ardhi. Maji nayo yapelekwe maabara: Singida kuna maeneo yenye floraidi nyingi, madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa.

Mkataba wa mchimbaji asome wakili kabla hamjasaini.