Fangasi za Ukeni: Dawa Niliyoimeza Ndiyo Iliyozirudisha

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mteja wa kudumu wa duka la dawa mtaani kwetu, na kila nilipolalamika kwamba nawashwa ukeni na mkojo unaniunguza, jibu lilikuwa lile lile: "Hiyo ni UTI, dada," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nilipewa antibayotiki bila kipimo chochote, nikazimeza hadi dozi ikaisha, muwasho ukatulia kidogo hedhi ilipokuja, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi.

Muuguzi wa zahanati niliyokwenda baadaye aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: uchafu unaotoka ukoje? Nilimweleza kuwa ni mweupe, mzito, wenye mabonge kama mtindi, na hauna harufu. Alichukua sampuli, ikapimwa kwa hadubini, fangasi zikaonekana. Fangasi hizo, ziitwazo kandida, huweza kuishi ukeni bila madhara kwa sababu bakteria wazuri walioko humo hudumisha asidi na kuzizuia zisizaliane kupita kiasi. Antibayotiki haichagui, huwaua na bakteria hao, kwa hiyo kila dozi niliyonunua ilikuwa ikizifungulia fangasi mlango. Mkojo nao uliniunguza kwa nje tu, ulipogusa ngozi iliyochubuka kwa kujikuna.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo kabla ya dawa. Uchafu wenye shombo la samaki, au wa kijani na njano wenye povu, mara nyingi huashiria maradhi mengine yenye tiba tofauti kabisa.

Mimi nilitibiwa kwa vidonge vya klotrimazoli vya miligramu 100, kimoja ukeni kila usiku kwa siku 6, nikaonywa nisiache hata muwasho ukikoma siku ya tatu. Wengine huandikiwa flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja, lakini mjamzito haimfai. Yeye hupewa dawa ya kuweka ukeni, kwa kawaida kwa siku 7. Mume wangu hakuhitaji dawa, kwa kuwa hakuwa na dalili yoyote.

Niliacha kujisafisha ndani kwa sabuni ya manukato, kwa maana uke hujisafisha wenyewe na maji matupu kwa nje yanatosha. Kitunguu saumu, ambacho nakiri nilikijaribu kwa ushauri wa shangazi, kiliniunguza vibaya na sikipendekezi kwa mtu yeyote. Nilibadili pia chupi za nailoni nikavaa za pamba. Kwa kuwa tatizo lilikuwa limejirudia zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja, nilipimwa sukari na virusi vya UKIMWI, kwani kisukari kisichodhibitiwa na kinga dhaifu huzipa fangasi nafasi.

Baadaye nilipoandikiwa antibayotiki kwa ajili ya jino, nilimweleza daktari historia hii kabla hajamaliza kuandika, naye akanipangia mapema dawa ya fangasi ya kutumia endapo muwasho ungeanza.