Duara Linanivuta Macho, Ila Halitulii

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nashona mifarishi ya viraka kwa vipande vya kanga, yote ya miraba. Watu wanaisifu, lakini mimi nikiona mfarishi wenye miduara nasimama hapohapo. Kinachovuta ni nini hasa? Nimejaribu mwenyewe, duara likanikunjamana pembeni, hata pasi haikusaidia. Binti yangu anaolewa, nataka nimshonee mfarishi wa miduara mitupu. Nianzie wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa harusi.

Maswali yako yote mawili jibu lake limo ndani ya nguo yenyewe. Nguo hufumwa kwa nyuzi za wima na za mlalo. Ukiichana, inafuata mstari ulionyooka; mraba inakupa bure. Duara haikupi. Duara lazima mtu alikusudie, alichore, alikate, kisha aibembeleze nguo ikubali, na jicho linaiona kazi hiyo hata kwa asiyejua kushika sindano. Tena kwenye miraba jicho hugota kila penye pembe. Kwenye duara halina pa kugota, linazunguka tu. Ndiyo maana unasimama.

Na hizo nyuzi ndizo zinazokukunjamania. Ukingo wa duara hupita mahali pengine sambamba na nyuzi, pengine mshazari. Penye mshazari nguo huvutika, kwingine haivutiki. Ukishona huku unavuta, upande mmoja unarefuka na mwingine unabaki ulivyo.

Basi anza na duara la kubandika juu ya mraba. Chora kwa kisahani kwenye kadi ngumu. Mimi hapa Ngamiani nawapa wanafunzi wangu maboksi ya viatu. Kata kadi kwa uangalifu, maana kila kasoro yake utaikuta kwenye nguo. Kitambaa kizidi kadi kwa sentimita 1 kuzunguka. Piga bandi ndogondogo kwa mkono kwenye hiyo ziada, weka kadi ndani, vuta uzi mpaka nguo iikumbatie kadi, piga pasi, iache ipoe. Hapo toa kadi, kisha shona duara lako kwa mishono ya kuficha. Kadi ndiyo iliyouzuia ule mshazari usivutike.

Ukishazoea, ingia kwenye robo duara, nne zikikutana zinatoa duara zima. Hapa wengi huharibu kwa kukata vipande viwili, robo yenyewe na kipande chenye tundu la kuipokea, kwa mstari mmoja. Ukitaka duara la nusu kipenyo cha sentimita 9, na mshono wako ni milimita 6, tao la robo likatwe sentimita 9.6, na tao la tundu 8.4. Kingo zilizonyooka nazo ziongezee milimita 6. Bana pini katikati kwanza, kisha miisho miwili, ndipo ujaze zilizobaki. Chanja kidogokidogo upande wa tundu, usifikie mshono, halafu shona polepole tundu likiwa juu.

Utaonyeshwa pia mtindo wa pete za harusi zilizopishana, uliopendwa sana Marekani miaka ya 1930 wakati wa mdororo wa uchumi, kwa kuwa matao yake hutumia vipande vidogo vilivyosalia. Ni mzuri mno. Usiuanze sasa, siku ya ndoa haitakusubiri.

Kuhusu miduara mitupu, sikubaliani nawe. Tandika kanga uitazame: pindo limenyooka pande zote nne, na katika mji, yaani sehemu ya katikati, mara nyingi kuna duara au ua kubwa lililoachiwa nafasi yake. Lingebanwa na mengine kumi lisingeonekana. Weka miduara michache, mikubwa, kwenye kitambaa cha rangi moja iliyotulia, na vipande vya kanga viwe ndani ya miduara.

Ukitaka mzunguko uenee mfarishi mzima, upeleke kwenye mishono ya kushikanisha tabaka. Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, huanza kushona ukingoni wakizunguka kuingia ndani hadi katikati. Mfarishi wao una pembe nne, lakini mkono umezunguka wote. Kwa wa binti yako tumia uzi mnene unaoonekana, si wa kujificha.