Weka chini hiyo krimu ya steroidi
Umeandika kwamba unawashwa usiku katikati ya vidole, kwamba krimu ya steroidi imeutuliza mwasho kwa siku nne, na unauliza kama uendelee nayo. Iache leo: huenda una upele, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri. Mimi nilikuwa nao, nikaendelea na krimu hiyo miezi miwili.

Aliyeniuzia hakuniomba hata nitanue vidole; alitamka "mzio" kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kutazama kwenye darubini. Kibaya zaidi, nusu alipatia. Mwasho wa upele ni mzio kweli, lakini chanzo chake ni utitiri jike, mdudu asiyefika nusu milimita, anayechimba kijia katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Kinga ya mwili huchelewa kuyatambua mate na kinyesi chake, ndiyo maana anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 3 hadi 6 bila kuwashwa; ikishatambua, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti na eosinofili hujazana chini ya kijia, ngozi ikavimba na kutoa vipele hata pasipo na mdudu. Wadudu wenyewe, katika upele wa kawaida, huwa 10 hadi 15 tu.

Steroidi huinyamazisha kinga hiyo, wala haimuui mdudu. Mimi nilipata usingizi, nao wakapata makazi. Vile vistari vya kijivu vya vidoleni, yaani vijia vya utitiri, ambavyo ndivyo vingemfumbua macho daktari, vilipotea ndani ya wekundu usio na umbo, naye akadhani ni pumu ya ngozi, akaniandikia steroidi kali zaidi. Ngozi ilikonda ikang'aa, kisha viganja vikaanza kuota magamba mazito, hali ambayo utitiri huweza kufikia maelfu. Sijawahi kuwa mwenyeji mkarimu kiasi hicho.

Kwa hiyo ngozi yako ikwanguliwe na kutazamwa kwa darubini kabla ya kupaka steroidi yoyote. Ukithibitishwa kuwa na upele, nyumba nzima itibiwe siku moja, na dawa irudiwe kama utakavyoelekezwa. Mimi niliwashwa wiki tatu zaidi baada ya tiba, kwa kuwa mizoga na vinyesi vilibaki ngozini mpaka tabaka lile lilipobanduka, na mara mbili nilijikuta nimeifungua tena tyubu ile ile.