Mhitimu wa Sayansi za Bahari Aliye Moshi

SWALI: Shikamooni. Nina shahada ya kwanza ya sayansi za bahari, naishi Moshi. Nipate wapi fedha za utafiti mdogo wa majani ya bahari Tanga?
– Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Anza na MARG, mpango wa ruzuku za utafiti wa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar. Kwa mafunzo, POGO na SCOR, mashirika ya kimataifa ya sayansi za bahari, hulipia mwezi 1 hadi 3 kwenye maabara ya nje. Mwenyeji wa kukupokea huko maabara umtafute mapema, kabla tangazo halijatoka. Wafadhili wengi hupendelea mwombaji aliyeshikwa mkono na taasisi, kwa hiyo rudi chuoni kwako uombe barua.

Maombi huanguka kwenye mbinu. "Nitapima majani" haitoshi kabisa. Andika: kamba 3 za mita 50, fremu ya sentimita 50 kwa 50 kila mita 5 kuanzia sifuri, yaani vipimo 33 kwa kila eneo. Kisha fungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Ukipanga siku za maji mafu, yaani yasipopwa sana, majani mengi yatabaki yamefunikwa, utahitaji boti, na boti haimo kwenye bajeti. Panga siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, upime maji yakitoka. Mtathmini anayeijua pwani hutazama hapo kwanza.